Hitilafu Inayojificha Fundi Akifika

Gari lililokataa kabisa kuwaka halimpi taabu fundi umeme. Kilichokatika kimekatika, atapima kutoka kwenye betri hadi mwisho wa waya, na kabla ya chakula cha mchana atakuwa amekipata. Taabu huletwa na lile linalozima Jumatatu jioni kwenye foleni, likasukumwa pembeni, na baada ya robo saa likawaka kwa ufunguo mmoja kana kwamba halijawahi kukosea. Jumanne linazunguka mji mzima bila kukohoa. Jumatano linapelekwa gereji, linanguruma vizuri mbele ya fundi, na mwenye gari anaonekana mwongo. Mafundi wengi humwambia arudi likizima tena. Wachache humwambia avute kiti, aketi, asimulie.

Hao wachache ndio ninaotaka kuwasifu, na nitawasifu kupitia gari ambalo wapenzi wa mbio za magari wa Afrika Mashariki hawahitaji kutambulishwa: Datsun 240Z. Lilizinduliwa Japani mwaka 1969, ambako liliitwa Fairlady Z. Gari la milango miwili, boneti refu, injini ya silinda sita ya lita 2.4, na uzito wa tani moja na kidogo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za East African Safari. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, akashinda nalo tena, safari hii kwa ukucha: yeye na Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawa, ikabidi atazamwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Gari lililoshinda 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani. Ndugu zake ambao hawakupata bahati ya makumbusho bado wako barabarani. Baadhi hung'arishwa kwa ajili ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi. Wengine hula vumbi katika East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003. Magari hayo yote yamepita miaka 50, na nyaya zake, kama hazijabadilishwa, zina umri huo huo.

Injini ikizeeka hujisema. Hutoa moshi, hula oili, hugonga. Umeme hausemi. Waya ulioliwa ndani ya ganda lake unafanana na waya mzima, na kiunganishi kilicholegea hukitofautishi kwa macho na kilichobana. Ndiyo maana wenye magari wengi, na mafundi si haba, huamini kwamba umeme wa gari la zamani ni mazingaombwe. Wapenzi wa magari ya Uingereza wana mzaha wa miaka mingi kuhusu Joseph Lucas, mtengenezaji wa vifaa vya umeme wa Birmingham, ambaye wamembatiza Mkuu wa Giza. Mzaha unachekesha, lakini haumtendei haki mtu wala umeme. Umeme hufuata njia iliyopo. Njia ikiwa wazi leo na kesho imeziba, kuna kilichobadilika kati ya leo na kesho: joto, unyevu, au mtikisiko. Karibu kila hitilafu ya kuja na kuondoka inaangukia katika mojawapo ya hayo matatu, na fundi anayeijua kazi huanzia hapo kabla hajagusa boneti.

Kwa hiyo huuliza lini. Lilizima likiwa limechemka au asubuhi na baridi? Ulikuwa unapanda mlima, au ulikuwa kwenye matuta? Usiku ule mvua ilinyesha? Taa zilikuwa zinawaka? Redio ilizima pamoja na injini, au iliendelea kuimba? Swali hili la redio wenye magari hulipuuza, wakidhani fundi anapiga soga, ilhali ndilo lenye faida kuliko yote. Kama kila kitu kilikufa kwa pamoja, kosa liko mahali ambapo umeme haujagawanyika: kwenye vichwa vya betri, kwenye waya mnene wa ethi unaofungwa kwenye bodi, kwenye kile kipande cha waya cha usalama kinachoyeyuka umeme ukizidi, au kwenye ammita. Kama redio iliimba huku injini ikizima, nusu ya gari imekwisha ondolewa kwenye orodha ya washukiwa, na hakuna spana iliyoguswa.

Nimeitaja ammita kwa makusudi. Katika 240Z mita ile ndogo ya kwenye dashibodi si pambo. Umeme wote wa betri, ukiacha ule mkubwa wa stata, hupita ndani yake: unatoka kwenye betri, unapenya ukuta wa injini, unapanda nyuma ya dashibodi, unapita kwenye mita, ndipo unashuka kwenda kwenye fyuzi na swichi. Mzigo wote huo umebebwa hadi mbele ya dereva ili aone sindano ikicheza. Nati moja iliyolegea nyuma ya mita inatosha kuzima gari zima kwenye tuta moja na kuliwasha tena kwenye tuta linalofuata, na ukimweleza hivyo mtu asiyejua mchoro wa nyaya atakuona umerogwa.

Mita ya mizunguko ya injini nayo ina mambo yake. Umeme unaokwenda kwenye koili kuzaa cheche hupelekwa kwanza nyuma ya mita hiyo, kisha ndipo unarudi mbele kwenye injini. Kiunganishi kikioza huko nyuma injini inakufa, na hakuna anayeishuku mita. Lakini mpangilio huo huo humpa fundi zawadi. Gari likizima likiwa mwendoni na gia imo, magurudumu huendelea kuizungusha injini kwa sekunde kadhaa. Tazama sindano saa hiyo hiyo. Ikianguka sifuri ghafla na injini bado inazunguka, koili imekosa umeme. Ikishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, umeme unafika kwenye koili, anza kutafuta kwenye mafuta. Sekunde mbili za jicho la dereva huokoa siku nzima ya kupapasa, na ndiyo maana fundi hodari humfundisha mwenye gari kutazama, hamkaripii kwa kutojua.

Mafuta lazima yatajwe, maana petroli ni mwigaji mkubwa. Katika joto la foleni huweza kuchemka ndani ya mabomba na kabureta, gari likazima sawasawa na lile lenye koili iliyochoka. Ndani ya koili ya zamani mna waya mwembamba sana. Ukiwa na ufa, joto huutanua ukaachana, na ukipoa hurudiana. Petroli iliyochemka huzima gari lenye joto, koili iliyopasuka huzima gari lenye joto, na maradhi yote mawili hupona gari likipoa. Baada ya robo saa hakuna awezaye kuyatenganisha. Cheche lazima itazamwe palepale, chuma kikiwa bado kinaunguza vidole. Ndiyo maana fundi wa kazi hii hakai gereji akangoja. Hupanda kiti cha abiria akaendeshwa, plagi ya ziada iko mfukoni, na gari likizima yeye ndiye wa kwanza kushuka.

Kuna dalili nyingine ninayoipenda kwa usahihi wake. Gari linawaka ukiwa umezungusha ufunguo hadi mwisho, stata ikilia. Ukiachia ufunguo urudi mahali pake, linakufa. Katika magari mengi ya enzi hizo, koili hupewa umeme kamili wakati wa kuwasha tu, na ufunguo ukirudi umeme hupitishwa kwenye kipingamizi kidogo cha kuupunguza ili koili isiungue. Kipingamizi kikikatika, gari huwaka na kufa papo hapo. Kikiwa na ufa unaofunguka kwa joto, hufanya hivyo baadhi ya siku tu. Mtu anaweza kubadilisha platini, kondensa, plagi na koili yenyewe, akamaliza fedha zake, na kipingamizi kile cha bei ndogo kimekaa palepale kwenye ukuta wa injini.

Lakini sehemu tamu zaidi ya kazi hii ni pale fundi anapochoka kuingoja hitilafu na kuanza kuialika. Anaiita kwa yale matatu. Kwa joto, huielekezea koili mashine ya kukaushia nywele iliyoazimwa saluni. Kwa unyevu, huchukua chupa ya kunyunyizia maji na kungoja giza, kisha hunyunyiza karibu na nyaya za plagi injini ikiwaka. Palipo na ufa utaona uzi wa buluu ukitambaa mahali usipostahili. Kwa mtikisiko, hutumia vidole. Hatikisi ovyo, maana anayetikisa rundo zima la nyaya hujua tu kwamba kosa limo ndani ya rundo. Hushika waya mmoja, akauvuta kidogo, akaukunja kidogo, sikio liko kwenye injini, kisha huhamia wa pili.

Ndani ya distribyuta ya zamani kuna kipande cha waya wa kusuka, kifupi kuliko kidole, kinachopeleka ethi kwenye bamba la platini. Bamba hilo husogea kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta, likivutwa na ombwe la injini, na waya hujikunja na kujikunjua mwaka hadi mwaka. Unapokatika ndani ya ganda lake, nyuzi mbili tatu huendelea kugusana gari likiwa limesimama, na huachana likitaka kuongeza mwendo. Gereji gari ni zima. Barabarani linakufa kila linapotaka kulipita lori. Fundi anayelijua hilo huchomoa mpira wa ombwe kwenye injini, huutia mdomoni na kuvuta hewa. Bamba linasogea, injini inakata. Anaachia, injini inarudi. Mwone uso wake wakati huo. Mwenye gari anasikitika kwamba gari linazima, fundi anafurahi kwamba hatimaye limezima mbele yake.

Wanaojifunza huiamini mita kupita kiasi, na hapa lazima niwe mkali kidogo. Waya wenye nyuzi thelathini ukibakiwa na uzi mmoja, mita ya kidijitali itasoma volti 12 bila haya, kwa sababu yenyewe hainywi umeme wa maana. Washa taa kubwa, uzi ule unazidiwa na volti zinatoweka. Ndiyo maana fundi wa zamani hajaitupa testa yake yenye balbu: balbu hula umeme, na waya wenye njaa huumbuka. Na akitumia mita, huitumia mzigo ukiwa unafanya kazi. Huweka ncha moja kwenye kichwa cha betri cha hasi, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha humwambia kijana wake awashe stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu, hata kama nati zinang'aa. Kila kiungo kati ya betri na taa kinatoza ushuru wake, kama vizuizi vya barabarani vinavyomsubiri mchuuzi, na taa hupata kilichosalia mwisho wa safari.

Ushuru huo una hesabu. Taa kubwa mbili za wati 60 hula amperi 10 kwa volti 12. Kiungo kimoja chenye ukinzani wa omu 0.1, ambao mita ya kawaida haiupimi kwa uhakika, kitakula volti moja. Volti hiyo haiendi hewani. Inageuka joto la wati 10 kwenye kibanio cha fyuzi kisichozidi ukucha wa kidole. Hicho ndicho kilichoyeyusha visanduku vya fyuzi vya 240Z nyingi, gari ambalo taa zake kubwa hazikuwekewa rilei, umeme wake wote ukapitishwa kwenye swichi ya usukani. Fyuzi yenyewe haikatiki, kwa kuwa umeme haujazidi kiwango. Plastiki inageuka kahawia, taa zinafifia, zinakata, zinarudi. Na mwanga wa balbu hushuka haraka kuliko volti: ukipungukiwa asilimia 10 ya volti umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Asiyejua huchomeka fyuzi kubwa zaidi. Huo ni uzembe wa kuteketeza gari. Dawa ni kusugua kibanio kwa msasa laini au kukibadilisha, kisha kuongeza rilei mbili mbele karibu na taa ili swichi ibebe kazi ya kuamuru tu.

Pwani kuna adui wa ziada. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam huingia mwanzoni mwa waya uliokatwa na kutambaa ndani ya ganda, ikiigeuza shaba kuwa unga wa kijani. Nje waya unapendeza. Ukiukunja unasikia kama mchanga. Huko ndiko utakakokutana na gari ambalo ukikanyaga breki, indiketa nayo inawaka hafifu. Ethi ya taa za nyuma imeoza, na umeme, ukikosa njia yake ya kurudi nyumbani, umepitia kwenye balbu ya jirani. Mwenye gari hununua balbu mpya. Kinachotakiwa ni kufungua skrubu moja, kukwangua rangi na kutu hadi chuma kionekane, kupaka grisi, na kuifunga tena.

Kisha kuna historia ya binadamu, ambayo haimo kwenye mchoro wowote. Gari la miaka 50 limepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja ameacha saini yake kwa tepu nyeusi. Mmoja aliweka redio ya kaseti, mwingine taa za ukungu, mwingine alamu iliyokufa zamani lakini nyaya zake bado zimo. Anayetisha kuliko wote ni yule aliyeweka swichi ya siri ya kuzuia wezi. Aliificha chini ya zulia au nyuma ya kiti, akakata waya wa koili na kuupitisha huko, akauza gari na hakumwambia mtu. Miaka ishirini baadaye abiria anasogeza mguu na gari linazima. Fundi mzoefu wa Nairobi au Dar es Salaam huanza kwa kuinua mazulia. Akikuta waya ambao rangi yake haimo katika kitabu, hufuata huo kwanza.

Juu ya kuunga waya mafundi hawajakubaliana, nami nitasema upande wangu. Lehemu inapendeza machoni, lakini huufanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na mtikisiko huukata hapo hapo. Kiungo kilichobanwa kwa koleo maalumu, si kwa meno wala kwa koleo la kawaida, hudumu zaidi kwenye gari linalokimbia njia ya mawe. Wenye lehemu wana hoja zao. Waje na gari lililomaliza Safari.

Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA na vinginevyo wamezoea mashine ya kusomea, ile inayochomekwa chini ya usukani ikatoa namba ya kosa. Siwalaumu, magari wanayoletewa yana kompyuta. Ila mashine hiyo hutaja saketi yenye lalamiko, haimtaji aliyeikata, na anayejua kuitafuta ethi mbovu kwenye Datsun ya 1971 ataikuta hiyo hiyo kwenye gari la mwaka jana. Ningependa kila mwanafunzi wa umeme wa magari apewe gari moja lisilo na kompyuta kwa muhula mzima, pamoja na testa ya balbu na mchoro wa nyaya, aambiwe kwamba litazima likipenda.

Kikwazo cha ufundi huu kipo kwenye mfuko. Sisi hulipia spea. Fundi aliyebadilisha koili anakuonyesha ya zamani, unaiona, unatoa fedha. Fundi aliyetumia nusu siku akiuliza maswali, akaendeshwa mjini, akachora karatasi mbili za mishale, kisha akakaza nati nyuma ya ammita, hana cha kukuonyesha.

"Sasa fundi, nikulipe kwa kukaza nati?"

"Nati ni bure, bosi. Nimekutoza kwa kujua ni ipi."

Wengi hukasirika wakisikia hivyo, na fundi, aliye na ada za shule za kulipa, hujifunza. Kesho atakaza nati na kubadilisha koili pia, ili pawe na kitu cha kuonyesha. Kesho kutwa atabadilisha koili bila kutafuta nati. Tunawalalamikia mafundi wa kubahatisha, na sisi ndio tuliowafundisha kwamba kubahatisha kunalipa na kufikiri hakulipi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na gari linalozima na kuwaka lenyewe, weka daftari ndani yake na uandike saa, hali ya hewa, mahali, na kilichokuwa kikiwaka. Ukimpata fundi anayeketi kulisoma daftari hilo kabla ya kufungua boneti, patana naye bei ya muda wake, umwachie gari kwa siku anazohitaji, na akikurudishia bila spea mpya hata moja, mlipe yote.